NCHI JIRANI: GHARAMA ISIYO NA STAKABADHI

Mwezi Aprili 2024 wafanyabiashara wa katikati ya jiji la Kampala walifunga maduka yao. Mwezi Juni mwaka huo huo milango ya maduka ya Kariakoo, hapa kwetu Dar es Salaam, nayo ikafungwa. Huko Kenya, mwezi huo wa Juni, Muswada wa Fedha uliwaleta vijana barabarani hata ukaondolewa. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, na kila nchi ilikuwa na zake. Lakini mfanyabiashara mdogo wa nchi hizi tatu ana swali moja ambalo hulirudia kila afisa wa kodi anapopita mlangoni pake: je, ninatozwa kwa kile nilichokipata, au kwa kila shilingi iliyopita mkononi mwangu?

Katika mazungumzo yetu ya leo tutalitazama swali hilo, hasa kwa kuangalia mambo yalivyo kwa jirani zetu wa Kenya, kisha tutapita Uganda na kurudi nyumbani.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba katika jambo hili nchi hizi zimenyonya ziwa moja. Kwa miaka mingi kodi ya mapato ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilisimamiwa kwa sheria moja ya Afrika Mashariki. Ilipofika 1973 Kenya na Tanzania zilitunga kila moja sheria yake. Sheria ya Kenya ya mwaka huo ingali ikitumika mpaka leo, ingawa imefanyiwa marekebisho mengi. Sisi tulitunga nyingine mwaka 2004, na Uganda ilitunga yake mwaka 1997. Pamoja na tofauti zote zilizoingia baadaye, msingi umebaki ule ule. Kodi ya mapato hutozwa juu ya faida, na faida ni yale yanayobaki baada ya kutoa gharama zilizotumika kuyapata mapato.

Sheria ya Kenya inaueleza msingi huo kwa masharti mawili. Gharama inayoweza kutolewa ni ile iliyotumika yote, na kwa ajili hiyo peke yake, katika kuzalisha mapato. Kwa hiyo fundi cherehani aliyepanga chumba sokoni hutoa kodi ya pango, bei ya vitambaa na nyuzi, mshahara wa msaidizi wake, umeme, matengenezo ya cherehani, na riba ya mkopo aliouchukua kwa ajili ya kazi hiyo. Deni la mteja ambalo kwa hakika halitalipwa tena nalo huweza kutolewa, mradi mauzo hayo yalikwisha kuhesabiwa kuwa mapato.

Upande wa pili ni gharama za nyumbani. Chakula cha watoto, karo zao, nguo za mwenye duka na sherehe za familia hazimo. Sheria ya Uganda inalisema jambo hili waziwazi zaidi: hata nauli ya kutoka nyumbani kwenda kazini huhesabiwa kuwa ni matumizi ya mtu binafsi. Tena mtu aliyejiajiri hawezi kujilipa mshahara akautoa kama gharama. Fedha anazochukua katika sanduku la duka ni sehemu ya faida yake, hata kama amezichukua kila mwisho wa mwezi na kuziita mshahara.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mtu mwenye chumba kimoja anacholala na kufanyia kazi, mwenye simu moja ya kuzungumza na wateja na ndugu, mwenye pikipiki inayopeleka mizigo mchana na kumrudisha nyumbani jioni, hana mpaka ulio wazi kati ya biashara na maisha. Sheria inamtaka auchore mpaka huo mwenyewe, na aweze kuueleza. Sehemu ya biashara itolewe. Sehemu ya nyumbani ibaki. Asiyeweza kueleza amegawanyaje, huwa katika hatari ya kunyimwa yote.

Liko pia suala la vitu vinavyodumu. Mtu akinunua gari la kubebea mizigo, hawezi kuitoa bei yote mwaka huo huo kana kwamba ni mafuta ya gari. Gari hilo litafanya kazi miaka kadhaa, na gharama yake hugawanywa katika miaka hiyo. Kwa kanuni ya Kenya kama ilivyowekwa mwaka 2020, gari lilihesabiwa kupungua kwa asilimia 25 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Kwa hesabu hiyo gari la shilingi 800,000 lilitoa 200,000 mwaka wa kwanza, 150,000 mwaka wa pili, 112,500 mwaka wa tatu, na kuendelea. Mfanyabiashara asiyejua jambo hili hupoteza haki yake kimyakimya, kwa sababu hakuna afisa atakayemkumbusha.

Ndugu wasikilizaji, mpaka hapo sheria inaonekana ni ya haki. Lakini watu wengi wanaojiajiri hawafikiwi na hesabu hiyo kabisa. Serikali za Afrika Mashariki ziliona kwamba kumtaka muuza nyanya afunge mahesabu ya mwaka ni kumtwika asiloweza, na kwamba kumfuatilia kungegharimu kuliko kodi yenyewe. Kwa hiyo zikabuni njia ya mkato: mwenye biashara ndogo alipe sehemu ndogo ya mauzo yake yote, bila ya kuulizwa gharama.

Kenya inaiita njia hiyo kodi ya mauzo ghafi, nayo imebadilika mara nyingi. Iliondolewa mwanzoni mwa 2019, mahali pake ikawekwa kodi iliyohesabiwa kwa asilimia 15 ya ada ya leseni ya biashara. Januari 2020 ilirudishwa kwa asilimia 3, na miezi michache baadaye, wakati wa maradhi ya korona, ikashushwa kuwa asilimia 1. Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha tena kuwa asilimia 3 kuanzia Julai mwaka huo, kwa biashara zenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 lakini zisizozidi milioni 25 kwa mwaka. Hulipwa kila mwezi, kabla ya kupita tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ada za kitaaluma na mapato ya kupangisha nyumba hayamo katika mpango huo.

Asilimia 3 ni neno dogo. Tulipime kwa mifano miwili ya kubuni.

Chukua mchuuzi wa mahindi mwenye mauzo ya shilingi 200,000 za Kenya kwa mwezi, yaani milioni 2 na laki 4 kwa mwaka. Katika kila shilingi 100 anazopokea, 95 zimekwisha kwenda kwa mkulima, kwa mwenye lori, kwa wapagazi na kwa mwenye ghala. Faida yake kwa mwaka ni shilingi 120,000. Kodi ya mauzo ghafi itamtaka alipe asilimia 3 ya milioni 2 na laki 4, ambayo ni shilingi 72,000. Katika kila shilingi 10 za faida yake, 6 zimekwenda. Angehesabiwa faida kwa viwango vya kawaida vya mwaka huo wa 2023, shilingi 288,000 za kwanza zingetozwa asilimia 10, lakini kila mlipa kodi hupewa nafuu ya shilingi 28,800 kwa mwaka. Kodi ya faida yake ya 120,000 ingekuwa 12,000, na nafuu ingeifuta yote. Asingelipa hata senti moja.

Sasa mtazame kinyozi aliye mtaa huo huo. Mauzo yake ni yale yale, milioni 2 na laki 4, lakini gharama zake ni shilingi 600,000 tu za pango, umeme na wembe. Faida yake ni milioni 1 na laki 8. Kwa njia ya mauzo ghafi atalipa 72,000 zile zile alizolipa mchuuzi wa mahindi. Angepitia viwango vya kawaida angelipa asilimia 25 ya shilingi 100,000 zinazofuata zile 288,000 za kwanza, na asilimia 30 ya zilizobaki. Baada ya kuondoa nafuu, kodi yake ingekuwa shilingi 448,600.

Watu wawili, mauzo sawa, kodi sawa; lakini mmoja ana faida mara 15 ya mwenzake. Huo ndio udhaifu wa kodi isiyotazama gharama. Humpendeza mwenye faida nene na humwumiza mwenye faida nyembamba. Na wenye faida nyembamba mara nyingi ndio wanaouza unga, mafuta ya kula, sukari na sabuni, bidhaa ambazo wananchi wa kipato cha chini hununua kila siku. Tena mwaka wa hasara ukija, anayetozwa kwa mauzo hulipa vile vile, ambapo anayetozwa kwa faida hana cha kulipa, na hasara yake huweza kutolewa katika faida za miaka inayofuata.

Sheria ya Kenya imeacha mlango. Mfanyabiashara anaweza kumwandikia Kamishna wa kodi kwamba hataki mpango wa mauzo ghafi, naye akahesabiwa kwa faida. Kwa mauzo ya milioni 2 na laki 4 tuliyoyataja, mwenye faida ya chini ya shilingi 545,000 hivi kwa mwaka angepata ahueni kwa kupita mlango huo. Aliye juu ya hapo ni heri abaki alipo. Lakini mlango huo una ufunguo, na ufunguo wenyewe ni karatasi. Anayetaka gharama zake zitolewe sharti azithibitishe, na katika mabishano ya kodi mzigo wa kuthibitisha uko kwa mlipa kodi. Kumbukumbu zake zinatakiwa zihifadhiwe kwa miaka 5.

Na tangu tarehe 1 Januari 2024, si kila karatasi inayokubaliwa. Sheria ile ile ya 2023 iliagiza kwamba gharama ya biashara isitolewe isipokuwa ina ankara iliyotoka katika mtambo wa kielektroni wa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, uitwao eTIMS. Yako machache yaliyoachwa nje ya sharti hilo, kama vile mishahara, riba, ada za benki na bidhaa zilizoagizwa kutoka ng'ambo, kwa kuwa hayo yana kumbukumbu zake. Yaliyobaki, bila ankara hiyo, machoni pa sheria ni kama hayakununuliwa. Sheria hiyo ya 2023 ilipata misukosuko mahakamani: Mahakama ya Rufaa iliitangaza kuwa batili Julai 2024, na Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo Oktoba mwaka huo huo.

Sharti hilo lina maana gani kwa fundi wa kawaida? Tuseme seremala amechagua kuhesabiwa kwa faida, na mauzo yake ni shilingi milioni 3. Mbao zimemgharimu milioni 1 na laki 4, vibarua laki 5, pango 240,000, umeme na vifaa 160,000. Faida yake halisi ni laki 7, na kodi yake baada ya nafuu ni shilingi 118,600. Lakini mbao za laki 6 alizinunua kando ya barabara kwa mpasua mbao asiye na mtambo wala simu ya kutolea ankara. Laki 6 hizo zinarudishwa katika hesabu kana kwamba ni faida. Sasa anaonekana amepata milioni 1 na laki 3, na kodi yake inakuwa shilingi 298,600. Ameongezewa 180,000 kwa fedha ambazo hanazo. Ziko mfukoni mwa mpasua mbao. Huyo angekaa katika mpango wa mauzo ghafi angelipa 90,000.

Wenye mamlaka wanayo hoja, na ni ya haki kuisikiliza. Kwa miaka mingi yalikuwapo makampuni yaliyojaza vitabu vyao ankara za uongo kutoka kwa wauzaji wasiokuwapo duniani, ili faida ionekane ndogo. Ankara inayopita katika mtambo wa Serikali huunganisha mnunuzi na muuzaji: gharama ya mmoja huwa pato la mwingine, na hakuna mmoja anayeweza kusema neno tofauti na mwenzake. Kwa njia hiyo mfanyabiashara mwaminifu hulindwa dhidi ya mshindani wake mdanganyifu. Hoja hiyo ina uzito. Taabu ni kwamba wavu uliotegewa papa umewanasa dagaa pia. Mnunuzi mkubwa, akiogopa kupoteza haki ya kutoa gharama zake, huacha kununua kwa mkulima na kwa fundi mdogo asiye na mtambo, akaenda kwa muuzaji mkubwa mwenzake. Asiye na stakabadhi huadhibiwa mara mbili: kwanza na mtoza kodi, kisha na soko.

Kenya yenyewe imelitambua hilo. Ankara inaweza kutolewa kwa simu ya mkononi, hata simu ndogo isiyo na intaneti. Na marekebisho ya mwishoni mwa 2024 yalimruhusu mnunuzi aandike yeye ankara anaponunua kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Hiyo ni hatua ya busara. Kazi ya karatasi imepewa yule mwenye karani, badala ya kumbebesha mama aliyeshika jembe.

Uganda ilifuata njia iliyo tofauti kidogo. Huko mfanyabiashara mwenye mauzo ya shilingi milioni 10 hadi 150 za Uganda kwa mwaka hutozwa kwa mauzo, lakini mabadiliko ya 2020 yalimtofautisha mwenye vitabu na asiye na vitabu. Mwenye mauzo ya milioni 45, kwa mfano, asipokuwa na kumbukumbu aliwekewa shilingi 200,000. Akiwa na kumbukumbu, aliwekewa 80,000 pamoja na nusu ya asilimia moja ya mauzo yaliyozidi milioni 30, jumla yake 155,000. Gharama zenyewe hazitolewi katika mpango huo, lakini uandishi wa vitabu umepewa thawabu. Kwa wale wakubwa zaidi, gharama ya kununua kwa muuzaji aliyetakiwa kutumia mtambo wa ankara wa nchi hiyo, uitwao EFRIS, haikubaliwi bila ankara ya mtambo huo. Mtambo huo, pamoja na adhabu zake, ulikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya wafanyabiashara wa Kampala mwaka 2024.

Na sisi je? Hapa Tanzania Bara mashine za kielektroni za kutolea stakabadhi zilianza kutumika mwaka 2010, na mpango wetu wa makadirio kwa wafanyabiashara wadogo unafanana sana na ule wa Uganda. Kwa viwango vya 2022, mwenye mauzo kati ya shilingi milioni 7 na milioni 11 kwa mwaka, bila kumbukumbu, alitakiwa kulipa 250,000. Mwenye kumbukumbu alilipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Kwa mauzo ya milioni 9, hiyo ni 150,000. Tofauti ya shilingi laki moja ni bei ya madaftari mengi. Wahenga wetu wa biashara walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu wasikilizaji, kutokana na hali ya jirani zetu tunaweza kupata mafunzo mawili. La kwanza ni la mwananchi aliyejiajiri. Haki ya kutoa gharama imeandikwa katika sheria, lakini haimfuati mtu nyumbani kwake. Asiyeandika hawezi hata kujua kama njia ya mauzo inamfaa au inamdhulumu. Huchaguliwa na wengine. Si lazima awe na mhasibu. Aandike kila siku kilichoingia na kilichotoka, adai stakabadhi kila anaponunua, atenganishe fedha za duka na za nyumbani, ahifadhi karatasi zake mahali pakavu. Mchuuzi wa mahindi katika mfano wetu angeokoa shilingi 72,000 kwa kazi hiyo.

La pili ni la wenye dhamana. Kodi haiwezi kuitwa kodi ya mapato ikiwa inachukua zaidi ya nusu ya faida ya mchuuzi na sehemu ndogo tu ya faida ya jirani yake. Wala si haki kumwambia seremala kwamba hakununua mbao, na hali kabati limesimama mbele ya macho yetu. Serikali inayotaka stakabadhi kwa kila gharama inao wajibu wa kuhakikisha kwamba mtu wa chini kabisa, kule mbao zinakopasuliwa na mahindi yanakopimwa, anaweza kuitoa stakabadhi hiyo kwa urahisi na bila gharama. Nchi itakayolitimiza hilo itapata kodi zaidi, na milango ya maduka itabaki wazi.